Tangazo la wizara ya kilimo lenye "siku 60": ni la kwetu hili, au tumeuziwa la watu?

Jaluba la Nne (Misungwi)

Mwadila wakuu. Mimi ni mkulima wa huku Misungwi, ukishapita Usagara kama unaelekea Shinyanga. Nalima mpunga mbugani, mpunga ukitoka naweka dengu humo humo, na pamba ekari moja kule juu kwenye kichanga. Naomba mnisaidie maana nimelala na jambo hili siku tatu.

Juzi Jumanne kijana mmoja wa steshenari hapa senta alikuja kitongojini na karatasi nne za Kiingereza zilizobanwa pini, juu zina maandishi ya wizara ya kilimo. Akasema serikali inakusanya maoni ya wakulima ndani ya siku 60, na ambaye hatatoa maoni jina lake halitakuwepo kwenye pembejeo za msimu ujao. Yeye anakujazia kwenye kompyuta, shilingi 3,000. Anachohitaji ni namba ya NIDA, namba ya simu, ekari zako na idadi ya ng'ombe.

Tumelipa watu kumi na saba. Naam, na mimi nimo. Namba ya NIDA nimempa, ekari nimempa, ng'ombe nimemwambia wawili (mzee wangu alinifundisha kwamba ng'ombe hahesabiwi mbele ya mgeni, na hilo nimelishika).

Jioni binti yangu wa kidato cha tatu akaichukua ile karatasi kwenye mwanga wa simu. Akasoma kimya, akaniangalia. "Baba, hapa chini wameandika Washington."

Sasa kabla hamjanicheka, nielezeni mtu angejuaje. Sisi fomu ni kama mvua za vuli, hujui itanyesha lini wala saa ngapi. Kuna ile ya pamba. Kuna ile ya mbolea ya ruzuku tangu 2022, umejaza kwa mtendaji, umesubiri meseji ya namba. Halafu kuna waliokuja mwaka jana na vishikwambi, sitawataja ni wa wapi.

Hao wa vishikwambi nisimulie kidogo. Alikuwa dada mmoja mpole sana, tukampa kigoda chini ya mwarobaini, akakataa uji kwa adabu. Akauliza shamba langu ekari ngapi. Nikamwambia tatu. Akaniuliza nimejuaje. Nikasimama nikamwonyesha: hatua sabini huku, hatua sabini huku, hiyo ekari, ndivyo alivyopima marehemu baba. Akazunguka na kile kishikwambi mkononi kwenye kingo za majaluba (vile vitalu vya mpunga), viatu vyake vya mjini vikishika udongo mweusi wa mbuga mpaka vikawa vizito kama matofali. Kikamwambia ekari mbili na nukta moja. Baba alikuwa mfupi, sikubishana.

Tatizo likaja kwenye zao. "Zao kuu la shamba hili?" Mpunga. Akabonyeza, akaenda mbele. Nikamwambia ngoja dada, na dengu je? Maana mpunga ukivunwa, udongo bado una unyevu, dengu zinaingia humo humo, na mwaka mwingine dengu ndiyo inayolipa ada kuliko mpunga. Akajaribu kurudi nyuma. Kisanduku kinapokea zao moja. Akasema basi tuandike shamba la pili. Nikamwambia sina shamba la pili, ni hili hili. Akakaa kimya, akaandika shamba la pili. Kwa hiyo huko kwenye hesabu zao mimi nina ekari nne na ushee za mbugani, wakati nina mbili. Au kama kuna mtu alilifuta lile la pili, basi sikulima dengu kabisa.

Maswali yangu: Hii karatasi ni ya nani? Na kama kweli kuna mahali mkulima anaulizwa maoni kuhusu fomu KABLA haijamfikia, huwa wanafanyaje?

---

Mama Kirumba

Mwadila baba. Pole. Kwanza mrudieni huyo kijana leo, si kesho, mwambieni afute namba zenu mbele ya macho yenu. Hela 3,000 itarudi au isirudi, lakini namba ya NIDA pamoja na namba ya simu vikikaa kwa mtu usiyemjua, kesho unasikia una mkopo wa mtandaoni ambao hukukopa. Mimi nauza dagaa hapa Kirumba, yamemkuta jirani yangu wa meza.

Na huyo wa ng'ombe wawili nimecheka peke yangu.

---

Mtafsiri wa Isamilo

Jaluba la Nne, kama ukurasa wa kwanza una safu tatu za maandishi madogo, hilo ni gazeti la serikali la Marekani. Linatoka kila siku ya kazi. Weka picha ya ukurasa mmoja, ficha majina yenu.

---

Jaluba la Nne

Nimeweka. Safu tatu kweli. Mtoto ameniandikia namba iliyo katikati: 0535 halafu kistari halafu namba nyingine nne.

---

Mtafsiri wa Isamilo

Basi tumemaliza utata. 0535 ni idara ya takwimu za kilimo ya wizara ya kilimo ya Marekani, wao wenyewe huiita NASS. Haina uhusiano wowote na pembejeo zako wala na Dodoma. Huyo kijana ama ameidownlodi bila kuielewa ama ameielewa vizuri sana.

Nimewahi kutafsiri matangazo ya aina hii kwa ajili ya darasa, kwa hiyo swali lako la pili naliweza. Kule kuna sheria ya mwaka 1980, ikaandikwa upya 1995, ya kupunguza mzigo wa makaratasi. Inasema hivi: ofisi ya serikali kuu ikitaka kuwauliza watu kumi au zaidi maswali yale yale, haianzi tu kuuliza. Inatangaza kwanza kwenye hilo gazeti kwamba tunataka kukusanya taarifa fulani kwa watu fulani, mara ngapi kwa mwaka, na tunakadiria itawachukua saa kadhaa kwa jumla. Watu wana siku 60 za kusema. Hizo ndizo siku 60 zako. Baadaye ofisi inapeleka maombi kwenye ofisi ya bajeti iliyo chini ya rais wao, inatangaza tena, zinapita siku nyingine 30. Ikikubaliwa ndipo fomu inapata namba kama hiyo ya 0535 uliyoiona, na kibali hakizidi miaka mitatu. Kikiisha, wanaanza upya. Ndiyo maana matangazo haya hayaishi, mengi ni ya kuongeza muda wa uchunguzi uleule wa zamani.

Mambo wanayotaka usemee yako manne, na yanafanana kila tangazo. Je, taarifa hizi zinahitajika kweli na zitafanya kazi gani? Je, makadirio yetu ya muda ni sahihi? Maswali yaboreshwe vipi yaeleweke? Na mzigo wa anayejibu upunguzwe kwa njia gani? Dengu zako zingeingia hapo kwenye la tatu.

Kuna kipengele kimoja ambacho mimi kinanifurahisha kuliko vyote. Fomu ikija bila ile namba, au namba ikiwa imekwisha muda, mtu hawezi kuadhibiwa kwa kukataa kuijibu. Mkulima wa Iowa kule Marekani anaangalia pembe ya juu ya karatasi kwanza, kama wewe unavyoangalia tarehe kwenye chupa ya dawa ya pamba.

Usidhani lakini kwamba ni peponi. Maoni yanayofika kwenye matangazo mengi ya namna hii ni machache mno, na sensa yao ya kilimo ya kila miaka mitano kuijibu ni lazima kisheria, upende usipende. Halafu maoni yenyewe yanakuwa wazi kwa umma. Kama kijana wa steshenari kweli ametuma ya watu kumi na saba na namba za NIDA ndani, yako mahali ambapo yeyote anaweza kuyasoma.

---

Mama Kirumba

Hajatuma huyo. Mtu wa 3,000 hatumi kitu.

---

Bwana Shamba Mstaafu (Sengerema)

Nimesoma yote. Nilikuwa afisa ugani kwa miaka mingi, nimestaafu, kwa hiyo naweza kusema ambayo nikiwa kazini nisingesema.

Yule dada wa kishikwambi msimlaumu. Sisi tulikuwa na daftari na kalamu. Fomu inakuja kutoka juu, ina siku tatu, kijiji kina kaya mia nne, na pikipiki haina mafuta. Unakaa na mwenyekiti wa kitongoji chini ya mwembe, anakutajia nani analima, wewe unakadiria. "Fulani?" "Huyo ekari mbili." "Alivuna?" "Ah, mwaka huu gunia nane." Gunia la nani? Gunia la mkulima ni debe saba, wengine wanashindilia mpaka linashonwa kwa kamba, fomu imeandikwa kilo 100. Nilikuwa nazidisha kwa mia na kupeleka. Wala sikuwa mvivu kuliko wenzangu.

Habari ya dengu kuwa ndani ya jaluba la mpunga niliisema kwenye semina moja, nikaambiwa nitaandika kwenye sehemu ya maoni mengineyo. Sehemu hiyo ina mistari miwili na sijapata kuona mtu anayeisoma.

Kwa upande wa kisheria, hapa kwetu kijana wangu huna tangazo la siku 60, lakini si kwamba huna pa kushika. Sheria ya Takwimu ya 2015 inataka taarifa za mtu mmoja mmoja zitunzwe kwa siri, takwimu zitoke kwa jumla. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya akueleze kwanza anakusanya kwa ajili ya nini. Kwa hiyo huyo dada ungemwuliza tu, "hizi zinakwenda kufanya nini?", na alipaswa kuwa na jibu. Tena unayo haki ya kudai kilichoandikwa vibaya kirekebishwe.

Na mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu. Watu wanadhani ni wa kusomewa mapato na matumizi peke yake. Peleka hoja ya dengu pale, iandikwe kwenye muhtasari, muhtasari uende kwenye kata. Karatasi yenye muhuri wa kijiji hutembea polepole, lakini maneno ya chini ya mwarobaini hayatembei kabisa.

---

Jaluba la Nne

Shikamoo mzee. Shukrani sana, na wewe Mtafsiri.

Marejesho: jana tulikwenda steshenari watu tisa. Hakukuwa na fujo. Binti yangu ndiye aliyesoma lile jina la Washington kwa sauti, kijana akaangalia chini. Alikuwa ametuandika kwenye daftari la shule tu, kompyuta haikuguswa, Mama Kirumba ulisema. Tumezichana karatasi hizo za daftari mbele yake, ukurasa na nusu, na vipande nimekuja navyo nyumbani nikavichomea jikoni. Hela zimerudi za watu kumi na wanne. Watatu anasema zimekwisha kwenye wino wa printa, atalipa kidogo kidogo.

Nimebaki na ile karatasi ya Wamarekani. Kitu kimoja hakinitoki: ule mstari wa kukadiria saa. Kwamba mtu mzima ofisini amekaa akapiga hesabu, mkulima huyu tutamkalisha dakika ngapi. Yule dada alinikalisha kuanzia saa tatu asubuhi mpaka jua la saa sita, siku ya palizi, vibarua wawili wamesimama wananisubiri na nimewalipa siku nzima. Sikuwahi kufikiri kwamba muda ule nao ni kitu cha kuandikwa mahali.

Mkutano wa kijiji ni Jumamosi ijayo. Nimeandika hoja, naiweka hapa mnikosoe:

"Tunaomba fomu yoyote ya kuandikisha mashamba ionyeshwe kwanza kwenye mkutano wa kijiji, hata kama ni wiki moja kabla. Fomu ikubali mazao mawili katika shamba moja kwa misimu miwili, kwa sababu mbugani dengu hufuata mpunga. Mavuno yaulizwe kwa debe, kwa sababu gunia zetu hazilingani. Anayekuja aseme ametumwa na nani na taarifa zinakwenda kufanya nini. Asije siku za palizi wala za kupandikiza."

---

Bwana Shamba Mstaafu

Marahaba. Hapo kwenye debe ongeza debe la plastiki la lita 20. Yako madebe ya kila aina siku hizi. Mengine yaache hivyo hivyo, usiyarefushe, mtendaji atachoka kuyanakili.

---

Mtafsiri wa Isamilo

Hoja yako ya wiki moja kabla ndiyo siku 60 zako. Usikubali waikate.

---

Jaluba la Nne

Nimeongeza lita 20.

Nimemsomea mama watoto jana usiku, nikitegemea sifa. Akaniuliza yale majaluba mawili anayokodi kwa hela yake ya kikoba, yule dada aliyaandika kwa jina la nani. Nikanyamaza. Yaliandikwa kwa jina langu, na aliyetaja ni mimi, yeye siku hiyo alikuwa kisimani.

Kwa hiyo kuna mstari wa sita sasa. Ameuandika yeye mwenyewe, kwa kalamu nyekundu ya mtoto.