Nikeli au lithiamu kwenye setilaiti ndogo: tulinganishe kwa hesabu

NuruYaSaketi

Habari zenu wakuu. Kundi letu la chuo linachora setilaiti ya mchemraba, sentimita 10 kila upande. Tukipata nafasi itaachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, kama ilivyoachiwa 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwezi Mei 2018. Paneli tumeshakubaliana, redio tumeshakubaliana, betri imetushinda. Wengine wanataka lithiamu-ioni kwa sababu ni nyepesi. Wengine wanasema nikeli-haidraidi, na mimi nimo humo. Naombeni ulinganisho wa ukoo mzima wa nikeli (kadimia, hidrojeni, haidraidi) na lithiamu, kwa namna zilivyofanya kazi huko juu. Karatasi za wauzaji tunazo tayari.

ObitiChini

Anza na kivuli, kemia ije baadaye. Kwenye kimo cha kituo, kama kilomita 400, unaizunguka Dunia kwa dakika 92 hivi, na kati ya hizo unaweza kukaa gizani dakika 35 au 36. Maana yake betri inatoa chaji na kujazwa tena mara 15 na ushee kwa siku, karibu mara 5,700 kwa mwaka. Setilaiti ya mawasiliano iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta maisha yake ni mengine kabisa. Inaingia kivulini katika misimu miwili tu ya mwaka, siku 45 hivi kila msimu, na giza refu kuliko yote ni kama dakika 72. Hapo ni mara 90 kwa mwaka. Kwa hiyo mtu akikwambia betri fulani imedumu miaka 15 angani, muulize kwanza ilikuwa inazunguka wapi.

Mfano wangu siku zote ni Hubble, darubini ya anga inayoizunguka Dunia. Ilirushwa Aprili 1990 na betri 6 za nikeli-hidrojeni, kila moja seli 22 zenye uwezo wa ampea-saa 88. Mwanzoni ilipangiwa nikeli-kadimia. Betri zile zilitarajiwa kudumu miaka 5, zikafanya kazi mpaka wanaanga waliokwenda na chombo cha Atlantis walipozibadilisha Mei 2009. Kila mzunguko zilikuwa zinatumika chini ya asilimia 10 ya chaji yake, nazo zikitunzwa kwenye ubaridi. Betri kubwa, inaguswa kidogo, haipati joto. Miaka 19 ilitoka hapo, na kemia nyingine yoyote ukiitendea hivyo itakulipa vizuri.

Mpwani70

Msiizike kadimia mapema. Uhuru, setilaiti ya kwanza kuundwa mahsusi kwa ajili ya astronomia ya eksirei, iliondoka hapa kwetu pwani, kwenye jukwaa la San Marco nje ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya. Ilibeba paneli nne za sola na betri moja ya nikeli-kadimia, ikafanya kazi hadi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei. Watu wa huku wanaijua sana roketi ile, lakini kilichoibeba kazi kila ilipoingia gizani ni kibetri ambacho hakitajwi na mtu.

Kuna Landsat 5 pia, setilaiti ya kupiga picha za Dunia. Ilirushwa Machi 1984 kwa kazi ya miaka 3, ikazimwa 2013. Nikeli-kadimia hiyo hiyo. Oktoba 2007 seli moja iliharibika, kazi ya kupiga picha ikasimama miezi kadhaa, mafundi wakapanga upya namna ya kuchaji na chombo kikarudi kazini. Niambieni ni lithiamu gani imeshaonyesha miaka 28 kwenye obiti ya chini.

FundiSeli

Mpwani70, heshima kwako, ila Landsat 5 ni ya kipekee, usiifanye kanuni. Seli nyingi za kadimia za zamani zilikuwa na kitambaa cha nailoni kati ya bamba na bamba. Ndani kuna hidroksidi ya potasiamu, na nailoni inaoza humo taratibu, hasa penye joto. Kadimia nayo inahama, inaota kuelekea upande wa pili, na siku ikivuka seli inapata shoti. Halafu ukiitumia kwa kina kile kile kila siku, volti zinaanza kushuka mapema kana kwamba chaji imekwisha. Ndiyo maana waendeshaji walikuwa wanaitoa chaji yote pole pole kisha wanaijaza upya, kazi inayohitaji mtu aliye macho.

Nikeli-hidrojeni ilizaliwa kukwepa hayo. Bamba la nikeli limebaki, kadimia imeondolewa, na mahali pake pana gesi ya hidrojeni na kichocheo cha platinamu. Kwa sababu ya gesi, kila seli ni chupa ya shinikizo yenye ukuta mwembamba wa aloi ya nikeli. Hapa kuna kitu kizuri mno: ukiichaji shinikizo linapanda, ukiitumia linashuka, kwa hiyo kihisi kilichobandikwa nje ya chupa kinakusomea chaji iliyobaki moja kwa moja. Kadimia na lithiamu hazina geji ya namna hiyo. Tena inavumilia kuchajiwa kupita kiasi, mradi joto litolewe. Setilaiti ya NTS-2 ndiyo iliyotangulia nayo mwaka 1977, na Mars Reconnaissance Orbiter ya 2005 ilipelekwa Mars nayo, betri mbili za ampea-saa 50.

Ubaya wake: inakula nafasi, ni ghali, na inavuja chaji yenyewe haraka ikikaa bure. Kwenye mchemraba wa sentimita 10 chupa hizo hata hazijadiliwi. NuruYaSaketi, hiyo ifute kwenye orodha.

LithiamuKwanza

Mnaongea kama makumbusho. Kituo chenyewe kilikuwa na vifurushi 48 vya nikeli-hidrojeni. Kuanzia Januari 2017 hadi Februari 2021 vyote vimetolewa, vikawekwa vifurushi 24 tu vya lithiamu-ioni, na umeme unatosha. Nusu ya idadi! Kila kilo unayoipandisha ina bei yake, na hoja ya uzito haijibiwi kwa hadithi za Hubble. Hata vile vya zamani vilivyotupwa vilileta balaa: Machi 2024 kipande cha fremu yake kilitoboa paa la nyumba huko Naples, Florida.

Na msiseme nikeli haina hatari. Mars Global Surveyor, chombo kilichokuwa kinaizunguka Mars, kilikuwa na nikeli-hidrojeni. Novemba 2006 kilijikuta kimegeuza betri moja kwenye jua. Joto likapanda, programu ikadhani betri imejaa kupita kiasi, ikakata chaji. Iliyobaki haikuweza kubeba mzigo peke yake, chombo kikanyamaza moja kwa moja.

ObitiChini

Mfano wa Mars Global Surveyor unaunga mkono habari ya joto, mkuu. Programu iliyoamini kipimajoto kimoja ingeiua lithiamu vile vile, pengine kwa moto. Hoja ya uzito nakubaliana nawe kwa kituo chenye tani 400. Kwa mchemraba lazima tuhesabu kwanza.

DadaVipimo

Basi tuhesabu. Seli ya nikeli-haidraidi ya ukubwa wa betri ya rimoti ina volti 1.2, kama ampea-saa 1.9, gramu 27 hivi. Panga seli 6, tatu kwa mfululizo, safu mbili sambamba: volti 3.6, ampea-saa 3.8, yaani karibu wati-saa 13.7 kwa gramu 160. Seli moja ya lithiamu ya milimita 18 kwa 65 inatoa kama wati-saa 11 kwa gramu 47. Kwa kilo, lithiamu inashinda karibu mara tatu. LithiamuKwanza yuko sahihi.

Sasa mzigo. Tuseme chombo kinakula wati 1.5 gizani kwa dakika 36: wati-saa 0.9. Ongeza redio ya wati 3 ikirusha dakika 10: wati-saa 0.5. Jumla 1.4. Kwa kifurushi cha nikeli hiyo ni asilimia 10 tu ya chaji. Kwa seli moja ya lithiamu ni kama asilimia 13. Zote mbili zinakaa pazuri kwa mwaka mmoja au miwili, ambao ndio umri wa mchemraba kwenye kimo hicho kabla haujarudi kuungua. Mnachogombania ni gramu 110, na je, mna matumizi nazo?

Setilaiti za mpango wa BIRDS wa Kyushu Institute of Technology, uliotoa PearlAfricaSat-1 ya Uganda, zimetumia seli za Eneloop, chapa ya nikeli-haidraidi, tatu kwa mfululizo na safu mbili sambamba. Zile zile za dukani. Sababu moja kubwa ni usalama: chochote kinachopita ndani ya kituo chenye watu, lithiamu yake inadaiwa vipimo na saketi za ulinzi ambazo kundi la wanafunzi linaweza kukaa nazo muda mrefu.

NuruYaSaketi

Dada, hesabu hii nimeibandika ukutani maabara. Gramu tunazo. Ninachoogopa ni mwisho wa kuchaji: volti za nikeli-haidraidi zinakaa sawa muda mrefu, tutajuaje imejaa?

FundiSeli

Ikikaribia kujaa volti zinapanda kidogo kisha zinashuka, na joto linaanza kupanda kwa kasi. Kwa chaji ndogo ule mshuko hauonekani vizuri, kwa hiyo fuateni joto: bandikeni vihisi viwili kwenye seli tofauti, na programu isikate chaji mpaka vyote vikubaliane. Paneli zenu ni ndogo. Ziada kidogo ya chaji seli hizi zinaimeza na kuigeuza joto. Lithiamu hapo haina msamaha, wala haitaki kuchajiwa chini ya nyuzi 0.

LithiamuKwanza

Kwa chombo hiki nakubali nikeli. Mkija na kubwa zaidi lenye kamera na mzigo wa wati 20, nitarudi na hesabu yangu.

DadaVipimo

Nunueni seli nyingi kuliko mnazohitaji, zote za toleo moja. Chajini, toeni chaji, andikeni uwezo wa kila moja, chagueni sita zinazokaribiana. Kisha zipimeni uzito kwa mizani ya miligramu, ziwekeni kwenye ombwe, zipimeni tena. Iliyopungua imevuja, itoeni. Waya msizichome kwa lehemu moja kwa moja kwenye seli, tumieni vibamba vya nikeli vya kuchomelea kwa nukta. Mkishapata grafu za ombwe zileteni hapa, nazisubiri.