Nimemzamisha Okello ziwani na wasomaji wamegoma. Nimrudishe ama niwaache walie?

FundiWaKibuye:

Habari zenu wadau. Naomba ushauri kwa wale wanaandika hadithi za mtandaoni, na hata kama huandiki lakini unasomanga basi changia tu, juu shida yangu ni ya wasomaji.

Mimi ni fundi wa nguo, niko na cherehani pale Kibuye, Kisumu, na jioni naandika hadithi kwa simu, naweka kwa grupu ya WhatsApp na kwa ukurasa wangu wa Facebook. Kuandika sijasomea popote. Shule niliishia kidato cha nne na kitu pekee nilikuwa najua ni insha, mwalimu alikuwa anasimama anaisomea darasa na mimi naangalia chini.

Hadithi zenyewe nilizitoa kwa dani yangu, yaani nyanya. Alikuwa wa Karachuonyo, si mbali na ziwa la Simbi Nyaima, na tukienda likizo wasichana wote tunalala kwake. Ile ya mama mzee aliyefukuzwa kwa karamu usiku, halafu mvua ikaja kijiji chote kikageuka ziwa na watu wake na ngoma zao, alikuwa anatuambia huku amenyoosha kidole upande wenyewe ziwa liko. Sasa hapo utalala? Mimi nilikuwa nabana mkojo mpaka asubuhi.

Ya pili ni wateja. Mtu ukimpima kifua hana mahali pa kuangalia, mikono iko juu, tepu imemshika, basi anaanza kuongea tu. Mimi sijawahi uliza mtu swali. Nimesikia mambo ya mashemeji, ya chama, ya watoto wa nje, na naandika vipimo tu kama mtu hasikii. Halafu nikifika nyumbani nageuza: wa Nyalenda anakuwa wa Siaya, nesi anakuwa mwalimu, mtu asijijue.

Na hiki msinicheke, kila mhusika wangu ako kwa kitabu cha vipimo pamoja na wateja. Jina, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Okello ni kifua 42, mabega mapana, na mguu wa kushoto mfupi kidogo kwa hivyo suruali yake lazima upindo wa upande mmoja uingie zaidi. Hiyo ya mguu haijawahi kutokea kwa hadithi hata mara moja lakini akitembea mimi najua vile anatembea.

Kuandika naanzanga na maneno ya watu, maelezo yanakuja nyuma. Stima ikipotea ndio napata nafasi nzuri juu ovaloku, mashine ya kushona kingo za nguo, imelala na mimi nimekaa. Jumapili siandiki, ndio siku kubwa ya soko. Mpango sinaga. Naandika leo, natuma leo.

Sasa Okello. Ni mvuvi wa omena, wale dagaa, ndiye mhusika mkuu, na mke wake ni Achieng. Kabla nimzamishe nilienda ufuo wa Dunga hapa Kisumu kuuliza wenye kazi, wakaniambia omena inavuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukijaa watu wanabaki nchi kavu wanarekebisha nyavu. Nikaufanya usiku wake giza kabisa, upepo ukaja, mashua ikapinduka, wenzake wawili wakapatikana na yeye hakuonekana. Nikaandika ITAENDELEA nikalala.

Wueh. Grupu ilikuwa imejaa, wale 1,024 wote, asubuhi napata watu wametoka na wengine wananitukana kwa inboksi. Mama mmoja alikuja mpaka kibandani, si kushonewa, kuuliza tu kama Okello ako hai. Mwingine akanitumia mia mbili kwa Pochi la Biashara na ujumbe nyuma, ati ni ya kumtoa kwa maji.

Mimi kwa roho yangu Okello amekufa. Lakini hao watu ndio wamenibeba, wengine tangu hadithi ya kwanza. Nyinyi mnafanyanga aje? Nifuate wasomaji ama nifuate hadithi? Na hii mtindo ya kuandika bila mpango, niendelee nayo ama nifunge kwanza nimalize yote ndio nianze kutuma?

MamaBrayo:

Mimi niko kwa hiyo grupu. Mrudishe. Sina ushauri mwingine.

Kalamu_Nakuru:

Fundi pole, na hongera pia, juu mtu halipii mia mbili mhusika ambaye hajamgusa.

Mimi naandikia Nakuru, mchana niko kwa duka la spea za magari na hadithi zangu ni za uhalifu. Naamka saa kumi alfajiri kabla watoto waamke, naandika kwa daftari na kalamu, halafu jioni ndio natype. Ukitype kitu ulichoandika kwa mkono unaona mahali umepiga domo bure na unaruka.

Shida yako si Okello bana, shida ni kutuma leo ulichoandika leo. Weka akiba ya sehemu kumi hivi mbele ya wasomaji. Wakilia juu ya sehemu ya ishirini wewe uko thelathini, kilio chao kinakupata ushapita, huwezi rudi hata ukitaka. Na usiku wa leo andika sehemu ya mwisho kabisa, hata kama ni mbaya, ujue nyumba inaelekea wapi. Mimi bila hiyo ya mwisho siwezi andika ya tatu.

FundiWaKibuye:

Kalamu asante lakini akiba nilijaribu na hadithi ilipoa. Mimi nikiona komenti za usiku ndio napata moto wa kesho. Mtu akiandika "huyo shemeji simwamini" na mimi sikuwa nimemfikiria shemeji, naanza kumwangalia vizuri.

Kalamu_Nakuru:

Basi weka akiba ya sehemu tatu. Hiyo moto yako ndio hiyo hiyo imekuchoma sasa.

Mwalimu_wa_Butere:

Dada fundi, shikamoo ya kazi. Nafundisha Kiswahili huku Butere na nitasema kama mwalimu, mnisamehe urefu.

Hili lako lilimpata Arthur Conan Doyle kule Uingereza. Mwaka 1893 alichoka na Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi zake, akamtupa kwa maporomoko ya Reichenbach, Uswizi. Wasomaji wa jarida lililokuwa likichapisha hadithi hizo walighadhibika, wengi wakaacha kulinunua kabisa. Alikaa ngumu miaka, lakini mwaka 1903 akamrudisha. Na aliweza kumrudisha kwa sababu gani? Maiti haikuwa imeonekana. Sasa soma ulichoandika wewe: wawili wamepatikana, yeye hakuonekana. Kama kwa roho yako amekufa, kwa nini hukuutoa mwili? Mimi wasomaji wako siwalaumu, wameona mlango umeachwa wazi wakaingia.

Kwa hivyo swali si ufuate nani. Amua mwili uko wapi.

Na hilo la kutosomea, liache. Wanafunzi wangu wakiniletea insha, kila jambo linatokea Nairobi ama Mombasa kama huku hakuna watu. Huwa nawakumbusha kwamba marehemu Ken Walibora kwenye Siku Njema ya 1996 alimtoa Kongowea Mswahili Tanga akamfikisha mpaka Kitale, na Kitale ikatosha kuwa mahali pa riwaya. Kibuye pia inatosha.

JaDunga:

Mimi nimezaliwa hapa ufuoni. Hiyo ya giza umeandika sawa, wengi wanatuandikia mwezi mpevu na mvuvi anaimba, sijui ni mvuvi wa wapi huyo. Zamani ilikuwa karabai za mafuta, siku hizi nyingi ni taa za sola na betri, hiyo rekebisha kama umeandika karabai.

Ukitaka kumrudisha kuna njia ya kweli na njia ya uongo. Ya kweli ni gugu maji. Upepo ukisukuma gugu inaziba ghuba hata mashua ya injini haipiti, mtu ameshika mtungi mtupu wa plastiki anaweza kaa ndani yake na wewe uko ufuoni humwoni na humsikii. Baridi itamtesa lakini anaweza toka. Ya uongo ni kuniambia ameogelea kutoka huku mpaka kisiwa cha Migingo, mbali huko. Tutakucheka omera.

Na kama amekufa, kwa maji yetu ya joto mwili unapanda wenyewe baada ya siku chache. Watu wa hapa watakuuliza mbona haukupanda.

Nyar_Kano:

Mimi sioni kwa nini arudi. Luanda Magere, yule shujaa wetu wa Waluo, si alikufa? Kila mtu wa Kano anajua anakufa, anajua mke wake wa Lang'o, wale maadui, ndiye alitoa siri kwamba nguvu yake iko kwa kivuli, anajua mkuki unapiga kivuli na yeye anageuka jiwe, na bado tukiwa wadogo tulikuwa tunaomba hiyo hiyo kila jioni. Hakuna mtoto aliwahi ambia dani abadilishe. Fundi wasomaji wako wanalia kwa sababu umewapa kitu cha kulilia, wataendelea kusoma. Wale wametoka grupu watarudi na namba ya bibi yao, mimi nawajua.

MamaBrayo:

Luanda Magere hakuwa na mtoto wa miezi miwili. Okello ako naye. Mrudishe.

Nyar_Alego:

Naona mnabishana amekufa ama hajafa na hakuna mtu ametaja yago. Fundi wewe ni wa Karachuonyo unajua hii. Mtu akipotea ziwani na mwili ukose kupatikana, wazee wanatafuta tunda la yago, linazikwa kaburini mahali pake, na matanga inafanywa kama kawaida. Shangazi yangu alizika mume wake hivyo. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka vile lilikuwa zito, wanaume wawili walilibeba kwa heshima kabisa na hakuna mtu alicheka hata sisi watoto.

Andika hiyo. Ndugu za Okello wanataka yago, Achieng anakataa, anasema hamzikii mume wangu tunda. Hapo uko na sehemu nyingi bila kumfufua mtu na bila kumuua tena. Wasomaji wako pia watagawanyika, nusu na Achieng nusu na ukoo. Halafu ukishazika yago, hata akitokea na hiyo gugu ya JaDunga, anarudi kwa boma ambayo kaburi lake liko. Hiyo sasa ni hadithi nyingine kabisa.

FundiWaKibuye:

Nyar Alego aki umenikalisha chini, nimeacha rinda la mtu chini ya sindano ndio nikusome tena. Nilikuwa nasukuma hadithi upande wa polisi na mwenye mashua, na hii ilikuwa kwa mlango wangu.

Mwalimu swali lako la mwili nimelizungusha kichwani tangu asubuhi. Jibu nililonalo ni kwamba sikutaka Achieng aone. Yeye ndiye naandika, Okello nilikuwa namtumia tu.

Sasa ndugu wanakuja kwa Achieng kuomba nguo za marehemu za kufunika yago. Anatoa suruali, na upindo mmoja umeingia kuliko mwingine. Hapo ndio anakataa. Kalamu, hiyo ndio sehemu ya mwisho nimeandika kwanza? Si ya mwisho lakini naiona yote.

Kalamu_Nakuru:

Inatosha. Andika hiyo leo usitume. Usitume!

Bidii_Bungoma:

Nje ya mada kidogo. Fundi, hadithi yako ya kwanza nimeiona kwa ukurasa mwingine na jina limetolewa, wameweka picha ya mrembo wa Kinaijeria juu. Unajua hiyo?

FundiWaKibuye:

Nimeambiwa. Nikiandika komenti wananiblok. Hakuna haja ya kufuata, ama?

Mwalimu_wa_Butere:

Haja ipo. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 kazi ni yako tangu ulipoiandika, maisha yako yote na miaka 50 baadaye, hata kama hukuisajili. Kusajili kunakupa ushahidi, na KECOBO, ofisi ya serikali ya hakimiliki, wanapokea maombi kwa mtandao, huhitaji kupanda basi kwenda Nairobi. Kwa sasa ripoti ule ukurasa kwa Facebook wenyewe na utunze zile jumbe za kwanza ulizotuma kwa grupu, tarehe ziko pale. Usifute simu.

JaDunga:

Na uweke jina lako ndani ya hadithi katikati, si juu na chini peke yake. Hao wanakata kichwa na mkia kama sangara.

FundiWaKibuye:

Hiyo nimechukua. Wale walikosa nafasi kwa grupu nafungua chaneli ya WhatsApp wiki hii, hiyo haijai. Yago inaanza Alhamisi, na sitajibu mtu swali la kama ako hai.

MamaBrayo:

Sawa tumesikia. Lakini huyo shemeji asianze kuingia ingia kwa Achieng kabla hata yago haijazikwa, nimeona vile unamleta.