Mshindi wa mnada anadai karatasi za sarafu: nimtumie au nivunje mauzo?

Sarafu Kusini (Lindi Mjini): Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Burudani yangu baada ya kazi ni kununua na kuuza sarafu za zamani kwenye minada ya mtandaoni, hasa zile za enzi za Wajerumani: heller zenye tundu na rupia zenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, ambazo huku kwetu bado hutoka kwenye masanduku ya wazee. Akaunti ni ya binamu yangu anayeishi Ujerumani: yeye huweka picha na kupokea fedha, mimi hutuma mzigo. Fungu langu la mwisho lilipanda bei sana katika dakika za mwisho, na mshindi, ambaye naye yuko Ujerumani, ameshalipa. Sasa anadai karatasi ya kuonyesha sarafu zilikotoka, na anasema asipoipata atadai fedha zake. Tukivunja mauzo, binamu ataandikiwa maoni mabaya, na kwenye minada hii muuzaji huaminiwa kwa maoni hayo tu. Je, nimwandikie barua kwamba ni urithi wa babu, au nivunje mauzo? Naomba ushauri wa haraka.

Korosho Daraja la Kwanza (Newala): Mkuu, umeuliza habari za karatasi, lakini mimi ninayemwogopa hapa ni binamu. Fedha zinaingia kwake, jina ni lake, na siku mtakapokosana utabaki na heller zako zenye tundu. Hata korosho zetu siku hizi zinanadiwa kwenye kompyuta kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, lakini mkulima ana stakabadhi ya ghala yenye jina lake na kilo zake, na hakuna anayemuuliza habari za babu.

Sonara Mstaafu (Nachingwea): Wanunuzi wanaodai karatasi wana haki, na ninasema hivyo kwa sababu yamenikuta. Niliwahi kushindania sarafu ya dhahabu ya rupia kumi na tano, ile ya mwaka 1916 yenye tembo na milima nyuma yake, ambayo Wajerumani waliigonga Tabora katika karakana ya reli baada ya vita kuwakatia njia ya kuleta fedha kutoka kwao. Niliweka dau langu la juu kabisa tangu mwanzo, maana mfumo wenyewe hulificha na kukupandishia kidogo kidogo kila mwenzako anapoongeza, nikaenda kulala. Nikashinda. Ilipofika niliiweka kwenye mizani yangu ya kazini, na badala ya gramu saba na ushei haikufika hata tano. Ukingo wake ulikuwa na mshono mwembamba wa kalibu, kisha rangi ya dhahabu ikabaki kwenye kitambaa nilichoifutia. Muuzaji alikuwa na maoni mazuri tupu. Kwa hiyo, kijana wangu, usiabudu maoni.

Bi. Mikindani (Mtwara): Mwanangu, nimesoma ulichoandika nikaona kuna jambo umeliruka. Heller zilitengenezwa kwa wingi mno, na sijasikia mnunuzi aliyevunja ununuzi kwa sababu ya karatasi ya heller. Ndani ya hilo fungu mna sarafu gani hasa?

Sarafu Kusini: Shikamoo mama. Sikutaka kurefusha maelezo, lakini kwa kuwa umeuliza, fungu hili si la heller. Ni sarafu za shaba zenye maandishi ya Kiarabu, na tumezitangaza kama sarafu za Kilwa. Nilizinunua kwa mvuvi aliyeziokota Songo Mnara baada ya mvua kubwa. Naomba ieleweke kwamba hakuna aliyechimba. Mvua ndiyo iliyozifukua. Mwaka 1944 askari wa Australia aliokota sarafu za Kilwa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yao, na mpaka leo anasifiwa. Kwa nini mvuvi wetu aonekane mwizi?

Bi. Mikindani: Marahaba. Sarafu za yule askari hazikuishia mnadani, ziliishia makumbusho ya Sydney, na thamani yake yote imo katika kujulikana ziliokotwa wapi. Magofu ya Songo Mnara na Kilwa Kisiwani ni urithi wa dunia tangu mwaka 1981. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu kuwa ni cha kale kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Aliyekiokota anapaswa kutoa taarifa, na hakitolewi nchini bila kibali. Ujerumani nao wana sheria ya mwaka 2016 inayokataza kuingiza vitu vya namna hiyo vilivyotolewa katika nchi vilikotoka kinyume cha sheria, na bila shaka ndiyo inayomtia hofu mnunuzi wako. Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984 kilikutwa katika makumbusho ya Geneva, na mwaka 2010 kikarudishwa. Ukiandika hiyo barua ya babu, utakuwa umeongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Sarafu Kusini: Mama, ninaheshimu unayosema, lakini nisingezinunua mimi, mvuvi angezitoboa akawafunga wanawe shingoni. Mimi nimezisafisha kwa ndimu, nimezipiga picha, nimezipa heshima. Tena si za kubahatisha, kwa maana mwaka wake umeandikwa wazi kwa tarakimu za Kiarabu: 1299, yaani enzi za masultani wa Kilwa wenyewe.

Sonara Mstaafu: Ndimu! Wakusanyaji wa sarafu wakisikia umezisafisha kwa ndimu, watakukimbia hata kabla ya polisi.

Msomaji Kimya (Masasi): Huwa sichangii, lakini leo nimeshindwa kunyamaza, kwa sababu ninaona tunatungiwa hadithi. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa hazikuandikwa mwaka. Zina jina la sultani na maneno ya kumsifu Mungu yaliyopangwa kwa vina, basi. Sarafu ya shaba yenye 1299 na picha ya mizani ni pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar. 1299 hiyo ni ya Hijria, sawa na mwaka 1882 wa Miladi, na zimejaa kila mahali. Mtu anayejiita mfanyabiashara wa sarafu asijue hilo? Amejiunga jukwaani wiki hii, hajaweka picha hata moja, na kila akibanwa anatoa kipande kingine cha kisa. Ninahisi anatafuta wateja, au anatafuta wavuvi.

Korosho Daraja la Kwanza: Nami nilianza kushuku pale binamu alipotajwa. Kila hadithi ya fedha ina binamu Ulaya.

Bi. Mikindani: Hata kama ni hadithi, wapo wengine wanaosoma hapa ambao si hadithi. Kama zote ni za Barghash, ni za baada ya 1863, kwa hiyo shauri la kibali linapungua uzito, lakini mnunuzi ameuziwa Kilwa akapewa Zanzibar, na anastahili kurudishiwa fedha zake.

Sarafu Kusini: Sijatunga chochote, na kuwa mgeni si kosa. Nyingi zina mizani, ni kweli. Lakini mbili ni nyembamba kuliko nyingine, hazina mizani wala mwaka, na pembeni kuna jina linaloanza na Ali.

Msomaji Kimya: Ali bin al-Hasan ni miongoni mwa majina yanayoonekana zaidi kwenye sarafu za Kilwa. Weka picha ya hizo mbili sasa hivi.

Sarafu Kusini: Siwezi kuziweka. Bahasha nimeikabidhi kwa basi la asubuhi hii liendalo Dar es Salaam, mtu wetu anaipokea na kuituma leo hii. Nilikuja hapa kuuliza habari za barua tu.

Korosho Daraja la Kwanza: Namba ya kondakta imeandikwa kwenye risiti ya mzigo. Mpigie sasa, kabla basi halijavuka Daraja la Mkapa.