Sheria ya wajane wa Kihindu ya 1856: mbona walioolewa tena walikuwa wachache?

msomaji_ngara
Wadau, natayarisha maelezo kwa kikundi chetu cha historia hapa Ngara, Nairobi. Ishwar Chandra Vidyasagar, msomi wa Bengal, India, alipigania wajane wa Kihindu waruhusiwe kuolewa tena, na Julai 1856, India ikiwa chini ya Waingereza, sheria ikapita. Lakini waliojitokeza kuolewa walikuwa wachache. Kilichowazuia ni sheria yenyewe au ni jamii?

wakili_mstaafu
Vyote viwili, ila anza na sheria. Kifungu cha 2 kilisema mjane akiolewa, haki yake katika mali ya marehemu, iwe matunzo au urithi, inakoma kana kwamba naye amekufa. Mali inawaendea warithi wengine wa mume. Cha 3 kikawaruhusu jamaa wa marehemu kwenda kortini kuomba watoto wapewe mlezi mwingine. Mama mwenye shamba na watoto wawili angeolewa aviache vyote? Linganisha na kifungu cha 35 cha Sheria yetu ya Urithi ya Kenya kilivyoandikwa 1972: mke aliyefiwa akiolewa, haki yake ya kutumia mali ya marehemu inaisha. Mume aliyefiwa hakuwekewa sharti hilo.

mama_historia
Na usisahau jati za chini (jati ni tabaka la Kihindu ambalo mtu huzaliwa nalo). Katazo la wajane kuolewa tena lilibana hasa jati za juu. Kwingine wajane waliolewa kimila tangu zamani. Punjab kulikuwa na karewa, mjane kuchukuliwa na shemeji, karibu sawa na kurithi wajane kule Nyanza. Mahakama Kuu ya Allahabad ilishikilia kwamba kifungu cha 2 hakiwagusi hao ambao mila iliwaruhusu kuolewa. Mahakama za Bombay, Calcutta na Madras zikasema kinawagusa. Basi hata pale mila ilipomwachia mjane mali, sheria iliyokusudiwa kumkomboa ikamnyang'anya. Hapo ndipo pa kukazia, ndugu yangu.

msomaji_ngara
Asanteni sana. Na upande wa dini?

mama_historia
Vidyasagar alijenga hoja kwa maandiko ya Parashara, mwenye hekima wa kale wa Kihindu, yanayomruhusu mwanamke mume mwingine katika hali tano: wa kwanza akipotea, akifa, akiwa mtawa, akiwa hanithi au akifukuzwa katika jati. Ndoa ya kwanza ilifungwa Calcutta, 7 Desemba 1856. Gharama za ndoa hizi alizibeba mwenyewe hadi akazama kwenye madeni, kwa sababu familia zilizothubutu zilitengwa.

Ukigusia Arya Samaj, harakati ya mageuzi ya Kihindu iliyoanzishwa Bombay 1875 na kufika Nairobi 1903, kuwa mwangalifu. Mwanzilishi wake Dayananda hakuafiki wajane wa jati za juu waliokwisha kuishi na waume zao waolewe tena. Ni wafuasi wake waliokuja kuzipigia debe ndoa hizo.