Gesi ya samadi imepungua tangu Mei: ni baridi au ni ufa?

Mfugaji wa Njombe

Habari zenu ndugu. Ninaishi Njombe na nina ng'ombe wawili wa maziwa ninaowafugia bandani. Mwaka jana nilijengewa mtambo wa biogesi wa meta 6 za ujazo, wenye kuba lililochimbiwa ardhini. Miezi ya mwanzo tulipika chai, ugali na hata maharage bila kuwaza kuni. Tangu mwishoni mwa Mei gesi haifikishi saa moja kwa siku, mwali unarukaruka, na ikifika jioni mke wangu anarudi kwenye mafiga. Samadi tunaingiza kama kawaida, na fundi aliyejenga hapokei simu. Je, hii ni baridi tu, au kuba limepata ufa? Jirani amenishauri niongeze ndoo mbili za samadi kila siku ili kufidia. Je, ni salama?

Fundi wa Kuba

Ndugu yangu, tuanze na mwali. Mwali unaorukaruka aghalabu ni dalili ya maji ndani ya bomba, kwa kuwa gesi hutoka mtamboni ikiwa na mvuke, na mvuke huo hugeuka maji bomba linapopoa, kisha maji hutuama pale bomba lilipobonyea. Fungua koki ya kutolea maji mpaka yaishe. Baada ya hapo paka povu la sabuni kwenye viungo vyote, kuanzia shingo ya kuba hadi jikoni, na penye uvujaji utaona mapovu yakifura. Usitafute uvujaji kwa kiberiti, ingawa nimewakuta watu wazima wakifanya hivyo. Kuhusu ufa, funga koki kuu usiku kucha: ikiwa kila siku geji inapanda kidogo na kusimama kwenye kiwango kilekile cha chini, hapo ndipo tutakaposhuku kuba.

Ushauri wa jirani usiufuate. Bakteria wanaotengeneza gesi hufanya kazi vizuri kwenye joto la nyuzi 35 hivi, na chini ya nyuzi 15 huzubaa sana. Ukiwalisha zaidi wakati wamezubaa, tope huwa chachu, na gesi kidogo itakayotoka itakuwa na hewa ya ukaa nyingi kiasi kwamba haitawaka.

Naomba uniambie jambo moja: mnachanganya maji kiasi gani?

Mama wa Makete

Huku kwetu baridi ni kali kuliko huko Njombe, baba, na mtambo wangu haujawahi kuzimika kabisa. Ninajaza maji kwenye pipa jeusi asubuhi, nayaacha juani, kisha nachanganya samadi saa nane mchana badala ya alfajiri. Juu ya kuba nimerundika mabua na majani ya mboji yanayooza, ambayo hutoa joto lake yenyewe. Gesi ya Julai hata hivyo haifikii ya Novemba, kwa hiyo maharage nayapikia kuni na biogesi naiachia chai na mboga.

Mfugaji wa Njombe

Nashukuruni sana. Bomba lilitoa maji karibu nusu lita na mwali umetulia, na povu la sabuni halikuonyesha uvujaji popote. Swali la maji limenifanya nikae bandani siku nzima. Zamani tulichota maji mtoni, kwa hiyo kila ndoo ilihesabiwa. Mwezi Mei tulivutiwa maji ya bomba, na tangu hapo kijana wangu husafisha sakafu kwa mpira, na maji yote hufuata mfereji hadi mtamboni. Nakadiria ni ndoo tatu za maji kwa ndoo moja ya samadi.

Fundi wa Kuba

Basi ugonjwa tumeupata, na baridi imeuzidisha tu. Ng'ombe wako wawili wakitoa kilo 30 za kinyesi kibichi kwa siku, nawe ukaweka lita 30 za maji, yaani ndoo kwa ndoo, tope linaloingia ni takribani lita 60. Mtambo wako ukibeba tope la lita 4,500 hivi, kila ndoo inakaa ndani siku 75, muda unaofaa nyanda za baridi. Kwa lita 90 za maji unaingiza lita 120 kwa siku, na samadi inasukumwa nje baada ya siku 37 au 38, ikiwa na gesi ambayo haijatolewa, huku bakteria wenyewe wakioshwa pamoja nayo.

Usiumwage mtambo. Jenga kizingiti kidogo kwenye mfereji ili maji ya kuoshea yaelekee kwenye majani ya kulishia, hasa kama mnatumia dawa ya kuua vijidudu, maana hiyo huwaua na wale tunaowataka. Kinyesi kizoeni kwa koleo kabla ya kuosha, mchanganye ndoo kwa ndoo, na mfuate utaratibu wa mama wa Makete wa kutumia maji ya jua. Gesi itarudi polepole, kwa majuma kadhaa.

Mfugaji wa Njombe

Kizingiti tumekijenga leo kwa matofali manne. Kijana amenuna kidogo kwa sababu ya koleo.