Kikundi: Nyumba ya Mama 🏠

*Ijumaa*

Mwanaidi 07:12
Shikamooni wakubwa. Wengine habari za asubuhi. Fundi umeme alipita jana kwa Mama. Someni mpaka mwisho, si kuweka gumba halafu mtu anatoweka.

Mwanaidi 07:15
Nyumba haina ethi, ile njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Narudia, HAINA. Siyo dhaifu, haipo kabisa. Fundi aliunga kipimo chake kikapanda mpaka omu 1,999 kikagota, maana ndiyo mwisho wake. Omu zikiwa nyingi ndiyo umeme unakosa njia ya ardhini.

Mwanaidi 07:16
Tatu weka ile picha

Salma 07:31
👍

Mwanaidi 07:32
Salma nimesema nini?

Tatu 08:40
📷 Picha
Samahanini nilikuwa nafua. Kwa mikono! Huo waya wa kijani na njano ndio wa ethi, unatoka kwenye mein swichi unashuka na ukuta. Angalieni ulipoishia. Kuna kipande cha bomba la chuma kama shibiri moja, klampu imeliwa na kutu, na chini ya hapo ni plastiki tupu.

Rama 08:44
Bomba limebaki na pete, mume kashaondoka zamani 😂😂

Mwanaidi 08:45
Rama.

Tatu 08:51
Ndiyo maana nikishika friji bila ndala vidole vinachonyota. Na Mama alishasema kitambo mashine ya kufulia inamng'ata, tukamwambia ni mishipa.

Shabani 09:58
Nyumba ile ina ethi. Mzee alisimamia mwenyewe inafungwa. Taa zinawaka, friji linagandisha, pasi inapata moto. Huyo fundi anatafuta kazi.

Mwanaidi 10:01
Kaka Shabani shikamoo. Ethi ilikuwepo, ilikuwa inapitia kwenye bomba la maji. Bomba lilipowekwa la plastiki ethi ikaondoka nalo. Na bomba lilibadilishwa na nani sote tunajua.

Shabani 10:02
Tumeanza

Shabani 10:06
Maji yalikuwa yanatoka mekundu kwa kutu. Mama analia kila siku. Nikatoa hela yangu. Sikumsikia mtu akisema ngoja.

Mwanaidi 10:07
Tungesema ngoja saa ngapi na hatukuambiwa? Tulifika tukakuta mtaro umeshafukiwa. Kama tu ile ya pampu.

Shabani 10:07
Pampu imeingiaje hapa

Rama 10:09
Pampu haijawahi kutoka 😂

Tatu 10:10
Jamani Mama anasoma kwenye simu yangu

Rama 10:10
Shikamoo Mama ❤️

Mwanaidi 10:22
Turudi kwenye mada. Fundi kasema kazi ni hizi: fimbo mpya za ethi, waya mpya wa ethi mpaka mein swichi, kuweka RCD (swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja), na vyumba vya nyuma kufumua waya wote kwa sababu ule wa mle ndani ni wa nyuzi mbili, hauna uzi wa ethi. Soketi zina matundu matatu lakini tundu la juu halina kitu nyuma yake. Nataka majina ya wanaochanga kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Mwanaidi 18:03
Saa kumi na mbili imepita. Watu kumi na moja kikundini, wamesoma tisa.

Salma 18:20
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mwanaidi 18:21
Salma umefuta nini?

Salma 19:45
Stika ilikuwa ya kikundi kingine

Juma 22:47
Nimetoka zamu sasa hivi, ndiyo nasoma. Shikamoo Kaka Shabani, shikamoo Da Mwanaidi. Fundi yuko sahihi.

Juma 22:50
Taa kuwaka si dalili ya ethi. Kila kitu nyumbani kinaweza kufanya kazi miaka na miaka bila ethi na mtu asijue. Kazi yake ni siku ile waya wa laivi, ule unaoleta umeme, unapochubuka ndani ya friji ukagusa bodi lake la chuma.

Juma 22:54
Bomba la maji zamani lilikubalika. Sasa viwango havitaki liwe ndiyo ethi ya nyumba, kwa sababu hii hii: mtu wa maji anakuja anakata chuma anaweka plastiki, hana habari na mtu wa umeme. Mabomba ya chuma yaliyobaki yanaungwa na ethi, ila hayategemewi kuwa ethi.

Rama 22:58
Kwa hiyo tunagongelea fimbo ardhini, mchezo umekwisha?

Juma 23:01
Haujaisha. Piga hesabu. Tuseme fimbo imegongelewa vizuri na udongo umekupa omu 100. Umeme ni volti 230. 230 gawa kwa 100 ni ampea 2.3. Breka ya soketi ni ya ampea 20. Hiyo haitikisiki. Bodi la friji linakaa na umeme mchana na usiku na hakuna kilichokata.

Rama 23:02
😳

Juma 23:05
Ndiyo maana fimbo inataka RCD. Yenyewe inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30 inakata ndani ya sekunde 0.3, na uvujaji ukiwa mara tano ya hapo inakata ndani ya sekunde 0.04. Viwango vya kimataifa vya umeme (IEC) tangu 2017 vinaitaka kwenye soketi zote za watu wa kawaida, mpaka zile za ampea 32.

Rama 23:06
Basi tuweke hiyo RCD, fimbo tuachane nayo. Najua jembe litaangukia kwa nani

Juma 23:09
Bila ethi RCD inasubiri mtu. Bodi lina umeme, RCD haijui, mpaka mmoja wenu ashike mlango wa friji na umeme upite mwilini mwake, hapo ndipo inakata. Ethi ikiwepo, waya ukigusa bodi tu umeme unapata njia ya ardhini na swichi inaanguka wakati huo huo. Mtu hata jikoni hajaingia.

Juma 23:10
Na kile kitufe cha T kinapima RCD yenyewe tu. Mtu asije akakibonyeza ikakata halafu akasema ethi ipo.

*Jumamosi*

Mwanaidi 06:02
Umesikia Kaka Shabani? Mtoto wa Shangazi huyo, si fundi anayetafuta kazi.

Shabani 08:30
Sijakataa ethi. Nakataa kufumua vyumba vya nyuma. Vile nilivijenga mimi, na fundi wangu alipima kila soketi na kile kifaa cha taa tatu, zote zilisoma sawa.

Tatu 08:41
Kaka, fundi alifungua soketi moja huko nyuma. Ndani kuna kijiwaya kifupi kimetoka kwenye niutro (waya wa kurudisha umeme) kimeingia kwenye ethi ya hiyo hiyo soketi.

Tatu 08:41
📷 Picha

Shabani 08:55
Ndiyo ufundi wenyewe. Niutro si inaishia ardhini hata hivyo

Juma 09:40
Kaka kwa heshima zote hicho kijiwaya ndicho kinanitisha kuliko bomba. Kifaa cha taa tatu hakiwezi kukigundua, kitasoma sawa tu. Siku niutro ikikatika mahali, hata skrubu ikilegea, umeme uliopita kwenye kifaa unakosa pa kurudi, unapitia kijiwaya unaingia kwenye bodi. Volti 230 kamili. Na mtu hajaharibu kitu, kachomeka pasi tu.

Rama 09:43
Ile pasi iliyomrusha Da Mwanaidi siku ya kipaimara cha nani vile 😂😂 akasema ni jini

Mwanaidi 09:44
Sikusema jini

Tatu 09:44
Ulisema 😂

Rama 09:45
Tukaita watu wa dua kwa ajili ya niutro 😂😂😂

Mwanaidi 09:47
Sawa chekeni. Chumba kilikuwa kipi? Cha nyuma! Na nilisema siku hiyo hiyo pale kuna tatizo, nikaambiwa naleta chuki kwa sababu ya pampu.

Shabani 09:52
Pampu ile mlikubali nyote halafu nikalipa peke yangu. Mpaka leo. Sasa mnataka na ethi nilipe, mseme nilibomoa mimi.

Mwanaidi 09:53
Hakuna aliyesema ulipe peke yako

Shabani 09:53
Soma ulichoandika jana saa nne

Shabani 09:58
Na kuhusu hizo fimbo, Mzee alikuwa anamwaga chumvi na mkaa kwenye shimo. Fimbo moja, chumvi, basi. Mbona mnaongeza gharama?

Juma 10:15
Chumvi inashusha omu kwa muda, maji yakipita inaondoka, na inaitafuna fimbo. Kinachosaidia ni kwenda chini. Ukinunua fimbo nene mara mbili hupati kitu cha maana, ukienda chini mara mbili unapata. Zikiwa mbili ziachane, nafasi isipungue urefu wa fimbo moja, la sivyo zinagombea udongo ule ule.

Bi Hadija (Shangazi) 11:26
nimesoma yote. Shabani na Mwanaidi nyamazeni

Bi Hadija (Shangazi) 11:31
Athumani aliponaswa na umeme nilimtoa mimi pale bafuni, kwa mti wa ufagio. nyinyi mlikuwa shule. Mzee ndipo akaita fundi, si kabla. sitaki kusikia nani alilipia bomba nani alilipia pampu

Bi Hadija (Shangazi) 11:33
Tatu ile mashine ya kufulia ichomoe sasa hivi. na friji mama yenu asishike, mfungulie wewe umevaa viatu mpaka fundi amalize

Tatu 11:35
Nimeichomoa Shangazi

Rama 11:50
Sawa Shangazi. Shikamoo.

Shabani 13:17
Shikamoo Shangazi. Nimekusikia.

Mwanaidi 14:05
Shikamoo Shangazi.

Mwanaidi 16:40
Nimeongea na fundi. Anaweza Jumamosi ijayo. Fimbo mbili, waya wa ethi, RCD. Hilo tumekubaliana au kuna mwenye neno?

Salma 16:58
Mimi naleta fimbo na RCD. Nilikuwa nasubiri mmalize kugombana

Mwanaidi 17:00
Salma!!! 🙏🏾

Rama 17:01
Kumbe anaongea

Juma 17:22
Kabla hajaondoka apime tena mkiwa mmesimama hapo, aandike namba ya omu kwenye karatasi ibaki ndani ya mlango wa mein swichi. Kwa RCD ya miliampea 30 hesabu inaruhusu mpaka omu 1,666 (volti 50, ndiyo kikomo cha bodi, gawa kwa ampea 0.03), lakini akiwaambia "imefaulu" kwa namba hiyo msimlipe. Udongo ukikauka inapanda. Ikiwa juu ya 200 aongeze fimbo.

Mwanaidi 17:25
Umesikia Tatu, 200. Na vyumba vya nyuma Kaka?

Shabani 17:49
Visiguswe mpaka nifike

Mwanaidi 17:50
Unafika lini?

Shabani 18:10
Nitasema

Juma 18:14
Basi angalau breka ya vyumba vya nyuma ishushwe, ikae chini mpaka hivyo vijiwaya vitolewe

Shabani 18:16
Kuna mpangaji mle

Mwanaidi 18:16
MPANGAJI GANI?

Mwanaidi 18:17
Kaka Shabani mpangaji gani?

Tatu 18:30
Hilo mtaongea. Fundi yuko kwenye simu nyingine anauliza fimbo zigongelewe upande gani, aje kuangalia ardhi kesho

Juma 18:33
Penye unyevu mwaka mzima na pasipopita mabomba. Nyuma ya bafu pangefaa

Tatu 18:36
Nyuma ya bafu ndiyo bustani ya Mama. Anasema mwenye jembe asikaribie maua yake, achimbe kwa Shabani

Rama 18:37
Mama 😂😂

Mwanaidi 18:41
Tatu mwambie fundi kesho aje aangalie pande zote mbili. Kaka Shabani bado nasubiri jibu la mpangaji.