Mrejesho: ile barua ya zimamoto kuhusu nyasi za kiwanja

Wakuu, nimerudi. Mwezi wa nne niliuliza kama barua ya zimamoto ya kufyeka kiwanja, ili moto wa nyika usifike nyumbani, ni amri au ushauri tu. Tunaishi Tujunga, Los Angeles, chini ya milima.

Ni amri. Ndugu uliyeniambia kufyeka futi 100 kuzunguka nyumba kunatosha, hiyo ni sheria ya jimbo la California. Jiji linadai futi 200 kutoka kwenye jengo. Zikivuka mpaka wako, mwenye kiwanja cha pili anafyeka upande wake. Nyasi zisizidi inchi 3. Mti wenye zaidi ya futi 18 unapunguzwa matawi ya chini hadi futi 6 kutoka ardhini, na matawi yanakaa futi 10 mbali na dohani.

Aibu yangu sasa. Nilianza kufyeka siku yenye onyo la bendera nyekundu, yaani upepo na ukavu wa hatari ya moto. Mzee jirani akaja mbio: siku hiyo kufyeka kwa mashine ni marufuku, kisu cha chuma kikigonga jiwe cheche moja tu inatosha. Nikazima mashine, nikamshukuru.

Mkaguzi alikuja Mei, akazunguka kidogo, tukapita. Kuni nilizozipanga ukutani nilishaziondoa (mke wangu alisema tangu mwaka jana, basi).

Kilichobaki ni wavu wenye vitundu vidogo kwenye matundu ya hewa ya dari, cheche zisiingie. Nyumba ni ya zamani, hatulazimishwi, ila tangu moto wa nyika wa Eaton ulipoteketeza mji wa Altadena, huku huku Los Angeles, Januari 2025, sibishani tena. Fundi anakuja Jumamosi.